Stima ni Safi, Sawa. Lakini Nani Alipigia Mto Hesabu?

Kuna neno moja tumelizoea mpaka hatulifikirii tena: safi. Stima ya maji ni safi. Sola ni safi. Upepo ni safi. Sehemu kubwa kabisa ya umeme unaozalishwa Kenya, takriban asilimia 90, inatoka kwa vyanzo visivyoisha: mvuke wa Olkaria, mito, upepo wa Turkana, jua. Hilo ni jambo la kujivunia, na mimi sitaki utani nalo. Nchi nyingi tajiri zingetamani kuwa pale tulipo.

Lakini safi ukilinganisha na nini? Safi kwa nani? Na hesabu ya huo usafi inaanzia wapi, na inaishia wapi?

Nataka tujibu hayo kwa historia, na si historia ya mbali. Tuende Migori na Homa Bay. Watu wengi wa Nairobi wakisikia kaunti hizi mbili wanafikiria siasa, samaki na dhahabu. Mimi nafikiria shule. Kwa miaka zaidi ya 60 kona hii ya ziwa imejaribu aina kadhaa za nishati tunazoziita safi, na kila mara hesabu ya athari zake imekatwa mahali pafupi. Gharama haikupotea. Ilihama tu, ikaenda kukaa mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia.

Tuanze na maporomoko ya Gogo.

Mto Kuja, ambao ndugu zetu wa Kisii wanauita Gucha, unaanzia milima ya Gusii, unateremka kupitia Migori na kuingia Ziwa Victoria upande wa Nyatike. Kabla haujafika tambarare, unaanguka pale Gogo. Ukimuuliza mhandisi, Gogo ni mahali maji yanaposhuka, basi. Lakini miaka ya 1980 wanaakiolojia wakiongozwa na Peter Robertshaw walichimba karibu na maporomoko hayo, wakakuta mifupa ya samaki, ya wanyama wa porini na ya ng'ombe, vigae vya vyungu vya zamani sana, na mawe ya kioo cha volkano yaliyotoka mbali kule Bonde la Ufa. Maana yake ni nini? Maelfu ya miaka kabla mtu yeyote hajataja neno megawati, Gogo ilikuwa tayari ina kazi. Watu walivua pale, walikula pale, walifanya biashara na watu wa mbali kutoka pale.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Gogo ikapewa kazi nyingine. Ukuta ulijengwa, mitambo ikafungwa, na kituo cha umeme cha megawati 2 kikaanza kufanya kazi. Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa moto: ile stima haikuwa ya vijiji vya Migori. Ilikuwa ya mgodi wa Macalder. Macalder ilichimbwa shaba, dhahabu na fedha tangu miaka ya 1930, na baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya kikoloni ikatia pesa zake humo kupitia shirika lake la maendeleo ya makoloni. Mgodi ulihitaji nguvu ya kusaga mawe na kuendesha mashine. Kuleta mafuta ya dizeli mpaka Nyatike ilikuwa gharama kubwa. Mto ulikuwa pale pale, bure.

Ukifanya hesabu ya moshi peke yake, Gogo inapata alama zote. Hakuna bomba la moshi, hakuna kaboni ya kuongelea. Lakini hebu fuata waya mpaka mwisho. Ile stima safi ilikwenda kusaga mawe ya Macalder, na mawe yakisagwa yanaacha mchanga wa mabaki. Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Wazungu wakaondoka, mashine zikanyamaza, lakini vilima vya mchanga vikabaki. Baadaye wachimbaji wadogo wakaja kuupepeta tena wakitafuta dhahabu iliyoachwa, wakitumia zebaki kuikamata. Mwaka 2002 watafiti wa Kenya, Ogola na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori ulioonyesha zebaki, risasi na aseniki kwa viwango vya kutia wasiwasi kwenye mabaki ya migodi na kwenye tope la mito.

Mtu ataniambia, "Hiyo ni shida ya mgodi, usiisukumie stima." Naelewa. Kwenye makaratasi, hizo ni faili mbili tofauti. Lakini bila mgodi, ukuta wa Gogo haungejengwa wakati ule, na bila ukuta, mgodi haungesaga mawe kwa bei ile. Ukitenganisha hizo faili mbili, kila moja inaonekana nafuu. Ukiziweka pamoja ndipo unaona kilichofanyika kwenye mto. Hilo ndilo somo la kwanza la Gogo: stima inabeba pia dhambi za kazi inayofanya.

Somo la pili linatoka upande wa juu. Bwawa ni kama sufuria iliyowekwa njiani. Chochote mto unachobeba kinatulia ndani yake. Na Kuja unabeba udongo, tena mwingi, kwa sababu unatoka kwenye miteremko yenye watu wengi na mashamba madogo yanayogawanywa kila kizazi. Mvua ikinyesha Kisii na Nyamira, udongo mwekundu unateremka. Miaka ikapita, bwawa la Gogo likajaa tope. Bwawa likijaa tope halina tena nafasi ya kuweka maji ya kiangazi, na mchanga unatafuna mitambo. Kwa hiyo mmiliki wa sasa, KenGen, hawezi kuendesha Gogo vizuri kwa kuangalia Gogo peke yake. Afya ya mtambo ulioko Migori iko mikononi mwa mkulima wa Kisii ambaye pengine hajawahi kuiona. Kama huyo mkulima hana sababu ya kupanda nyasi kwenye matuta au kuacha miti kando ya mto, hakuna mhandisi atakayeshinda lile tope.

Na samaki je? Wazee wa ziwa watakuambia habari za ningu. Huyu ni samaki anayepanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga mayai, na zamani alikuwa chakula na mapato ya watu wengi kandokando ya mito yetu. Ningu alipungua sana katikati ya karne iliyopita, na hapa lazima tuwe wakweli: sababu kubwa ilikuwa nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito, zikamkamata kabla hajataga. Si haki kulitupia bwawa lawama zote. Lakini samaki ambaye tayari amebanwa hahitaji ukuta mwingine mbele yake. Na Gogo ilijengwa wakati ambapo hakuna sheria Kenya iliyomlazimisha mjenzi kuhesabu samaki, maji na watu kabla ya kumwaga saruji. Sheria ya mazingira inayodai tathmini ya athari ilipitishwa mwaka 1999, na NEMA ikaanza kazi mwaka 2002. Gogo ilikuwa imeshafanya kazi miaka zaidi ya 40.

Sawa, tumepata sheria. Je, hesabu ikanyooka? Twende Sondu.

Mto Sondu-Miriu uko mpakani mwa Homa Bay na Kisumu. Upande mmoja ni Rachuonyo, upande wa pili ni Nyakach. Mradi wa umeme pale ulifadhiliwa kwa mkopo wa Japani, ujenzi ukaanza mwaka 1999. Haukuwa na bwawa kubwa la kufunika vijiji. Maji yanazuiwa kidogo, yanaingizwa kwenye handaki la kilomita 6 hivi ndani ya mlima, yanashuka kwa nguvu mpaka kwenye mitambo, kisha yanarudishwa mtoni mbali kule chini. Wahandisi waliupenda muundo huu kwa sababu haufuriki mashamba. Na ni kweli, ni bora kuliko bwawa kubwa.

Lakini jiulize kitu kimoja rahisi. Maji yakipita ndani ya handaki, nje mtoni kunabaki nini? Ile sehemu ya mto kati ya mlango wa handaki na mahali maji yanaporudi, pamoja na maporomoko ya Odino, ndiyo iliyozua maswali makali. Watu wanachota maji pale. Ng'ombe wanakunywa pale. Samaki wanapita pale. Mto ukibaki na maji kidogo wakati wa kiangazi, hakuna moshi wa kupiga picha wala jivu la kuonyesha. Kuna mawe makavu tu.

Wakazi walilalamika: kuhusu vumbi la ujenzi, fidia ya mashamba, nani anapewa kazi, na maji ya mto. Mwandishi wa habari Argwings Odera alifuatilia malalamiko hayo, na mwisho wa mwaka 2000 akakamatwa. Kelele zikafika mpaka Japani. Mwanzoni mwa 2001 kikafanyika kikao cha wazi, ikaundwa kamati iliyowaweka wakazi, mashirika ya kiraia na wataalamu meza moja kuchambua lalamiko moja baada ya jingine. Mkopo wa awamu ya pili ulichelewa, ukasainiwa mwaka 2004. Stima ya Sondu-Miriu, megawati 60, ilianza kutoka karibu na mwaka 2008, na mwaka 2012 mtambo mdogo wa Sang'oro ukaongeza megawati 21 kwa kutumia maji yale yale yakitoka Sondu, bila kuzuia mto mara ya pili. Hiyo ya mwisho naipigia makofi. Ukishasumbua mto, angalau tumia kila tone la huo usumbufu.

Angalia vizuri tofauti kati ya Gogo na Sondu. Mto ni mto tu, na maji yanaanguka vile vile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii watu walibisha. Tathmini ya kwanza iliandikwa na wataalamu, lakini yale maswali ya vumbi, visima na mto mkavu yalipata uzito pale wanaoishi kando ya maji walipokataa kunyamaza. Leo Katiba ya 2010 inasema kwenye kifungu cha 42 kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyalinda. Tunaisoma kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Kumbe watu wa Nyakach na Rachuonyo walishaidai haki hiyo miaka kumi kabla, na wengine walilala seli kwa ajili yake.

Sasa wewe utasema, haya ni mambo ya wazee na saruji. Sisi tuko kwenye sola. Sola haina handaki, haina tope, haizuii ningu. Kweli kabisa. Hebu basi tuishuke Mbita usiku.

Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Wavuvi wanaweka taa juu ya maji, omena wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Ukisimama ufukweni unaona ziwa limewaka kama mji. Inapendeza kwa macho, lakini mafuta ya taa ni ghali, yanakula sehemu kubwa ya mapato ya mvuvi, moshi wake unaingia kifuani, na yakimwagika yanaingia ziwani, maji yale yale yanayochotwa asubuhi.

Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Ujerumani, OSRAM, pamoja na shirika la mazingira la Global Nature Fund, walifungua Mbita kituo cha sola cha kuchaji taa na betri. Mvuvi alilipa amana, akachukua taa iliyochajiwa, akairudisha. Huo ulikuwa mwanzo. Baadaye bei ya paneli ikashuka dunia nzima, taa za balbu ndogo za LED zikawa rahisi, na leo mvuvi ananunua taa na betri yake mwenyewe. Nyumbani nako kukaingia sola za kulipa mdogo mdogo kwa simu. Watoto wanasoma usiku bila koroboi. Mama hauvuti moshi tena. Mimi nikipimiwa mizani, koroboi upande mmoja na sola upande mwingine, sisiti hata sekunde. Sola inashinda.

Lakini tazama tulichopoteza njiani bila kugundua. Kwenye mfumo wa kituo, betri ilikuwa na mwenyewe. Ikizeeka inarudi mahali inapojulikana. Kwenye mfumo wa kila mtu na yake, betri ikifa inakuwa yako. Na wewe utaipeleka wapi? Gari la taka halifiki kisiwani. Inatupwa nyuma ya nyumba, inazikwa, inaangukia ziwani, au inauzwa kwa wale wa chuma chakavu kwa bei ya soda. Jua halina takataka. Betri inayolihifadhi inazo.

Na Kenya tayari tunajua betri zikienda vibaya zinafanya nini. Tulijifunzia Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kilianza mwaka 2007 kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi, katikati ya makazi ya watu, mpaka kikafungwa mwaka 2014. Watoto waliugua, sumu ya risasi ikapatikana kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho kisha akaongoza mapambano, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya mazingira iliamua mwaka 2020 kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Betri zile zilikuwa hasa za magari. Lakini betri za risasi zilizokuwa zikiuzwa na sola kwa miaka mingi ni za ukoo huo huo, na chuma chakavu hakiulizi betri iliwasha taa au iliwasha matatu.

Ukiweka hadithi hizi tatu pamoja unaona mchezo ni ule ule. Gogo walihesabu megawati, hawakuhesabu mgodi wala udongo. Sondu walihesabu handaki, mpaka watu walipolazimisha mto uhesabiwe. Kwenye sola tunahesabu mafuta ya taa tuliyoacha kununua, hatuhesabu betri tutakayoitupa. Kila kizazi kimechora mstari wa hesabu mahali panapokifaa.

Kwa nini hili linatuhusu sasa hivi? Kwa sababu vitu vinakuja. KenGen ina mpango wa kuijenga upya Gogo kutoka megawati 2 mpaka zaidi ya 8. Sola na mitambo midogo ya stima inaendelea kuingia visiwani. Dhahabu ya Migori bei iko juu na mashine zake zinataka umeme. Wanaoamua mambo haya watakuja na karatasi yenye neno safi kwa herufi kubwa, na watatusomea haraka haraka kwenye baraza siku ya kazi wakati vijana wako mjini.

Mimi sipingi hata mmoja wa miradi hiyo. Gogo mpya naitaka. Mtambo uliokwisha kusumbua mto ni afadhali ukarabatiwe uzalishe zaidi kuliko kwenda kuziba mto mwingine. Lakini nina maswali matatu, na ningependa kila kijana wa Migori na Homa Bay ayabebe mfukoni kama kitambulisho.

La kwanza: hii stima inaenda kufanya kazi gani, na nyumba zilizo chini ya nyaya zitawashwa lini? La pili: nani aliye juu na nani aliye chini ya huu mradi, na wameulizwa? Tope la Gogo litazuiwa Kisii, si kwa kuchota matope kila mwaka, kwa hiyo mkulima wa kule anapaswa kuonekana kwenye bajeti. La tatu: kikifa, nani anakichukua? Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inasema mtengenezaji ana wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kutumika. Basi duka linalouza betri Mbita lipokee betri iliyokufa Mbita, na limrudishie mvuvi kitu mkononi ili asione faida kuitupa. Kituo cha 2008 kilikuwa na wazo hilo tayari. Hatuhitaji kubuni upya, tunahitaji kulirudisha kwa njia inayofaa watu wenye betri zao wenyewe.

Utasikia wakisema maswali kama haya yanachelewesha maendeleo. Sondu ilichelewa, ni kweli. Lakini ilijengwa, inafanya kazi, na maji yake yanatumika mara mbili. Owino Uhuru haikuchelewa hata siku moja, na bili yake ni shilingi bilioni 1.3 na watoto ambao hakuna hela itakayowarudishia damu safi.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema stima hii ni safi, mwambie poa, na umwombe akuonyeshe hesabu yote, kuanzia mlima udongo unakotoka mpaka shimo betri inakozikwa. Akikuonyesha nusu tu, hiyo nusu nyingine amekuachia wewe ulipe.